Kutoka Mbagala hadi Kibo: Nunua Siku Kabla ya Kununua Koti

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na mwenge juu ya Kibo, na tangu hapo kilele kile kinaitwa Uhuru. Kila mwaka tarehe hiyo ikikaribia, vikundi vya Watanzania hupanda Kilimanjaro kuikumbuka siku ile. Ndani ya vikundi hivyo wamo watu wa Tegeta, Bunju, Tandika, Mbagala na Chamazi, watu wa joto na bahari, ambao baridi kali waliyowahi kuikuta ni ya basi lenye kiyoyozi.

Kwao nina ushauri mmoja, na mengine yote katika makala haya yanachipuka humo: nunua siku kabla ya kununua koti. Uhuru iko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa ya pale unakaribia nusu ya ule wa Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unaweza kujifunza kuishi hivyo, lakini unajifunza taratibu, usiku baada ya usiku. Hakuna buti, dawa wala ubabe unaoweza kuufundisha kwa saa chache.

Anza na kalenda

Majira tunayoyajua pwani yanafika hadi mlimani, ila kule yanabadilika sura. Mvua ya masika ya Machi hadi Mei na ya vuli ya Oktoba hadi Desemba ikinyesha Moshi na msituni, juu ya Kibo mara nyingi inaanguka kama theluji. Miezi mizuri kwa anayepanda mara ya kwanza ni Januari na Februari, halafu Juni hadi Oktoba mwanzoni. Kipupwe huwa kikavu lakini usiku wake ni wa baridi zaidi.

Safari ya tarehe 9 Desemba inaangukia vuli. Usiikimbie kwa sababu hiyo, ila jiandae kwa njia yenye tope msituni, mawingu mchana, na uwezekano wa kukuta theluji au barafu karibu na ukingo wa kasoko. Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha mpigie kiongozi wako wa mlima siku chache kabla ya safari na umuulize swali moja: juu kukoje wiki hii?

Baridi yenyewe unaweza kuikadiria ukiwa nyumbani. Kwa kawaida joto hupungua kwa takribani nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Usiku wa Dar wenye nyuzi 25, ukitoa nyuzi 38 za kimo cha Kibo, unakupeleka kwenye nyuzi 13 chini ya sifuri. Na hapo upepo bado haujahesabiwa.

Chagua njia kwa mahali utakapolala

Madaktari wa milima wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na upumzike siku nzima kila baada ya siku tatu au nne. Sasa itazame njia ya Marangu kwa kipimo hicho. Unalala Mandara mita 2,720, kisha Horombo 3,720, kisha kambi ya Kibo 4,720. Anayepanda kwa siku tano anaruka mita elfu moja kila usiku, tena akitoka kwenye usawa wa bahari siku mbili tu kabla.

Kwa hiyo Marangu ichukue kwa siku sita, ile ya ziada uilale Horombo. Mchana wake tembea taratibu hadi Mawe ya Pundamilia au zaidi kidogo, kisha rudi kulala pale pale. Machame ichukue kwa siku saba. Uzuri wake ni kwamba siku ya tatu unapanda hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, halafu unashuka kulala Barranco iliyo chini ya mita 4,000. Kupanda juu na kulala chini ndiko kunakouzoesha mwili. Mwenye nafasi ya siku nane aitazame Lemosho.

Kikundi chako kikipanga ratiba, uliza mapema: siku ngapi? Kukiwa na michango miwili mezani, mmoja wa fulana za sare na mwingine wa usiku mmoja zaidi mlimani, toa wa usiku.

Pima afya, na usiisingizie malaria

Nenda kituo cha afya wiki chache kabla. Mweleze daktari kwamba unakwenda karibu mita 6,000, umtajie shinikizo la damu, kisukari, pumu, matatizo ya moyo au ujauzito kama vipo.

Omba pia kipimo cha selimundu kama hujawahi kupima. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, na wapo watu wazima wengi wanaobeba kinasaba kimoja bila kujua kwa sababu hawaumwi chochote. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande mlima huu. Mbebaji wa kinasaba azungumze na daktari kwanza, kwa kuwa oksijeni ikipungua bandama yake inaweza kudhurika. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ukiwa juu ni sababu ya kushuka mara moja.

Kuhusu dawa ya asetazolamaidi, wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Inausaidia mwili kuzoea kimo, lakini haichukui nafasi ya siku. Daktari ndiye apange kipimo chako, na aliyewahi kudhurika na dawa zenye salfa kama Septrini amweleze kabla. Ukiruhusiwa, ijaribu ukiwa bado nyumbani, ili ganzi ya vidole na kukojoa mara kwa mara visije vikakutisha mlimani.

Halafu kuna tabia yetu ya pwani: kichwa kikiuma, tunasema ni malaria. Pima malaria kabla ya kuondoka, na ukitibiwa, ahirisha safari hadi upone kabisa. Ukiwa juu, kichwa kinachouma kihesabiwe kuwa ni cha mlima mpaka kithibitike kuwa kingine. Watu wamemeza dawa ya mseto wakaendelea kupanda, kumbe walichohitaji ni kushuka.

Mazoezi ya mji usio na milima

Anza miezi mitatu kabla. Kinachohitajika ni miguu inayoweza kutembea saa sita hadi nane, siku nyingi mfululizo, na magoti yanayostahimili mteremko mrefu.

Mkazi wa Mbweni au Kunduchi anao mchanga. Tembea kwenye mchanga mkavu, ule unaozamisha mguu, kwa sababu changarawe ya juu ya Kibo nayo humeza hatua hivyo hivyo. Mkazi wa Temeke atafute ngazi za jengo refu au daraja la waenda kwa miguu, apande na kushuka alfajiri akiwa na begi mgongoni lenye chupa za maji. Mwisho wa wiki, vilima vya Pugu na msitu wake upande wa Kisarawe vinatosha kwa matembezi ya saa nne. Na angalau mara moja kabla ya safari, panda treni hadi Morogoro ukajipime kwenye miteremko ya Uluguru, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,000. Mwenye uwezo zaidi apande kwanza Mlima Meru. Una zaidi ya mita 4,500, na hapo atajua mwili wake unavyoupokea urefu.

Lakini lishike hili: mazoezi hayakukingi na ugonjwa wa kimo. Mara nyingi kijana mwenye nguvu ndiye anayeumia, kwa kuwa miguu yake inamfikisha mahali ambako damu yake haijawa tayari kufika.

Sokoni: vaa tabaka

Nguo za baridi za Ulaya na Marekani zinafika kwetu ndani ya belo za mitumba. Nenda Tandika au Karume asubuhi belo zinapofunguliwa, mweleze muuzaji unachotaka, naye atakuwekea. Nguo zako zipange katika tabaka tatu.

Ya kwanza inagusa ngozi: fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, za poliesta au sufu. Pamba iache nyumbani. Fulana ya pamba na jinzi zinanyonya jasho na mvua, hazikauki, na zinakuibia joto usiku kucha. Soma kibandiko cha ndani ya kola kabla hujalipa.

Ya pili inatunza joto: sweta zito la sufu au la manyoya laini ya poliesta, na juu yake koti la kujazwa. Koti la manyoya ya ndege likunjekunje kisha uliachie; likiumuka upesi bado ni zima, likibaki na madonge lirudishe.

Ya tatu inazuia upepo na mvua: koti na suruali zisizopitisha maji. Beba kikombe cha maji sokoni, umwombe muuzaji ruhusa, mimina kidogo begani. Maji yakiteleza chukua, yakizama acha. Fungua na kufunga zipu zote.

Ongeza mzula unaofunika masikio, skafu, glovu jozi mbili yaani nyembamba ndani na nene juu, soksi za sufu, tochi ya kichwani na betri za akiba, na miwani myeusi inayozuia miale ya jua. Miwani si pambo. Miale hiyo huongezeka kadiri unavyopanda, theluji safi inairudisha sehemu kubwa usoni, na macho yanaweza kuungua bila kuuma hadi saa kadhaa baadaye. Ngozi nyeusi nayo inaungua. Paka mafuta ya kukinga jua puani, midomoni na masikioni.

Buti zisiwe mpya siku ya safari. Zivae wiki nyingi kabla, ukiacha nafasi ya vidole mbele. Fuko la kulalia la baridi kali, fimbo za kutembelea na koti kubwa vinaweza kukodishwa Moshi, ila uvikague mchana, si usiku wa kuondoka.

Kisha fanya jaribio hili nyumbani, taa zikiwa zimezimwa: vaa glovu zote, halafu washa tochi, fungua chupa, funga zipu, kaza kamba za buti. Usichoweza kukifanya sebuleni Chamazi hutakiweza saa tisa usiku kwenye upepo.

Njiani: polepole kweli

Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Ukitokwa jasho, vua tabaka moja kabla halijakulowesha. Ukisimama, vaa kabla hujasikia baridi. Kunywa lita tatu hadi nne kwa siku, na uangalie mkojo: ukiwa mweusi kama chai ya rangi, umechelewa kunywa. Hamu ya chakula itapungua, lakini kula hata kidogo kidogo, uji, supu, ndizi, chochote kinachoshuka. Pombe na dawa za usingizi viache mjini, maana vinapunguza upumuaji wakati wa usiku.

Waangalie pia wapagazi. Kanuni za hifadhi zinaweka kikomo cha mzigo wa mpagazi kuwa kilo 20, na wao wanalala kwenye baridi ile ile unayoiogopa wewe. Uliza kampuni kabla hujalipa: wapagazi wanalala wapi, wanakula mara ngapi, wana makoti? Koti la ziada ulilolipata Tandika linaweza kumfaa mmoja wao kuliko kabati lako.

Zijue dalili, uziseme kwa sauti

Kichwa kuuma kidogo, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo. Mwambie kiongozi. Usipande zaidi mpaka zipungue. Pumzika, kunywa maji, na parasetamo inaruhusiwa. Zikizidi ukiwa umepumzika, shuka.

Dalili za hatari ni za aina mbili. Mapafu yakianza kujaa maji, mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, pengine makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Ubongo ukianza kuvimba, mtu anachanganyikiwa, anaongea yasiyoeleweka, anapepesuka kama mlevi. Mpime hivi: atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, anashuka dakika hiyo hiyo, usiku au mchana, akiwa na mtu. Kusubiri kupambazuke kumeua watu duniani kote. Oksijeni na dawa zinasaidia kumshusha, hazimruhusu kubaki.

Baridi nayo ina lugha yake. Anayetetemeka mvishe nguo kavu, mpe kinywaji cha moto. Anayeacha kutetemeka huku akiwa mzito wa ulimi na anajikwaa yuko hatarini zaidi kuliko mwanzo. Kidole kilichokufa ganzi, ambacho kwenye ngozi yetu kinaweza kuonekana cha kijivu kama kimepakwa majivu, usikisugue wala usikiweke motoni. Kiweke kwapani, kisha shuka utafute tiba.

Usiku wa kilele

Safari ya kilele huanza karibu saa sita usiku, na kuna sababu. Usiku ardhi ya juu imeganda: changarawe imeshikana, mawe yametulia. Jua likipanda kila kitu kinalegea, na mchana mawingu yanapanda na kuficha njia.

Chupa ya maji ibebe ndani ya koti, au iweke kichwa chini ndani ya begi, kwa kuwa maji huanza kuganda juu. Simu na betri ziwe mfukoni karibu na mwili. Wanaopita Marangu wanatokea Gilman's Point, wa Machame na Lemosho wanatokea Stella Point, na kutoka hapo wanafuata ukingo wa kasoko hadi Uhuru. Ukingo ukiwa na barafu ngumu, funga meno ya chuma chini ya buti na ukanyage kwenye nyayo za kiongozi. Usiiache njia kwenda kupiga picha chini ya kuta za barafu. Vipande vyake huanguka bila taarifa.

Kabla hamjaanza, kubalianeni saa ya kugeuka. Kwa mfano: ikifika saa tatu asubuhi hatujafika ukingoni, tunarudi. Saa hiyo iwekwe na watu walioshiba na kupumzika, ifuatwe na watu waliochoka.

Mawe, barafu na maporomoko

Barafu ya Kilimanjaro inafifia. Kati ya 1912 na 2007 takribani asilimia 85 ya eneo lake ilitoweka. Kwa mpandaji, hasara hiyo ina maana ya karibu: mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu sasa yanaachiwa. Januari 2006 yaliporomoka upande wa magharibi wa Kibo, kwenye njia ya Western Breach, yakawaua wapandaji watatu kutoka Marekani, na njia ikafungwa kwa muda mrefu. Imefunguliwa tena, lakini kwa anayepanda mara ya kwanza ushauri wangu ni mwepesi: iache. Anayeipita avae kofia ngumu na awe ameshavuka kabla jua halijaupiga ukuta. Na popote penye mwinuko mkali, hata kwenye ukuta wa Barranco, ukiangusha jiwe piga kelele: “Jiwe!”

Maporomoko ya theluji yenyewe, yale yanayofukia watu, si hatari kuu kwenye njia zetu za kawaida, maana theluji ya Kibo kwa kawaida ni nyembamba na haikai. Lakini Watanzania wanakwenda mbali zaidi. Wilfred Moshi alifika kilele cha Everest mwaka 2012. Miaka miwili baadaye, tarehe 18 Aprili 2014, barafu ilianguka juu ya njia ya Khumbu kwenye mlima ule ule na kuua wafanyakazi 16 wa Nepal. Anayeota milima ya namna hiyo ajifunze mapema kwamba maporomoko mengi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, hasa siku moja au mbili baada ya theluji nyingi kuanguka, upepo unapoirundika upande mmoja, au joto linapopanda ghafla. Mara nyingi anayeifyatua ni yule yule inayemfukia, na aliyefukiwa ana dakika kumi hadi kumi na tano tu za matumaini makubwa. Hapo pia mlinzi wa kwanza ni saa: pita alfajiri, na theluji ikishuka kwa wingi subiri siku zipite.

Kugeuka, na karatasi ya nyumbani

Kabla ya kupanda basi pale Mbezi, andika karatasi moja, uiache kwa mtu anayepokea simu: jina la kampuni na namba yake, njia, ratiba ya kila siku, dawa unazotumia, na siku utakayotoka getini. Mwambie pia simu inaweza kukatika siku nzima, ili asipige yowe bure. Lakini siku ya kutoka ikipita kimya, apige kwa kampuni na kwa ofisi ya hifadhi.

Mwisho, zungumza na kikundi chako kuhusu kurudi. Wengi hulazimisha mwili kwa kuwaogopa wenzao wa kazini, picha zilizoahidiwa na michango iliyochangwa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyegeukia mita 5,000 akarudi Mbagala na mapafu mazima ameshaujua mwili wake, ana nguo, ana buti zilizomzoea miguuni, na mwakani atahitaji kitu kimoja tu: aongeze siku.